Robert Taylor: mtu aliyekataa nyumba za ubaguzi, na kartie ya Chicago iliyobeba jina lake

Mwezi wa tatu 2007, mjini Chicago, inchini Marekani, mashine za kubomoa ziliangusha jengo la mwisho kati ya majengo 28 yaliyoitwa Robert Taylor Homes. Kila jengo lilikuwa na etaji 16. Yote yalijipanga kwa urefu wa kilomita zaidi ya tatu pembeni ya barabara ya State Street, na kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa mradi mkubwa kuliko yote ya nyumba za serkali katika inchi ile.

Mwezi ule ule ilitimia miaka 50 tangu mwenye jina lile afariki. Robert Rochon Taylor alikufa mwezi wa tatu 1957, mbele ya ujenzi kuanza. Hakuona hata tofali moja la majengo yale likiwekwa. Zaidi ya hayo, kurundika familia maskini za watu weusi pahali pamoja ndiyo siasa aliyopambana nayo kwa miaka, mpaka mwaka wa 1950 akaacha kiti chake cha uenyekiti.

Wakaaji wengi wa Marekani, wakisikia jina Robert Taylor, wanakumbuka umaskini, madawa ya kulevya na milio ya bunduki. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo alitaka kinyume cha mambo yaliyofanywa kwa jina lake.

Mtoto wa mjenzi

Taylor alizaliwa mwaka wa 1899 huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ujenzi ulikuwa kazi ya ukoo. Babu yake, Henry Taylor, alikuwa mtoto wa mama mweusi mtumwa na mzungu mwenye watumwa. Alijifunza useremala, akajenga nyumba na kufanya biashara katika mji wa Wilmington, jimbo la North Carolina.

Baba yake, Robert Robinson Taylor, alikuwa mweusi wa kwanza kumaliza masomo katika chuo cha ufundi cha Massachusetts kinachojulikana kama MIT. Ilikuwa mwaka wa 1892. Nyuma ya masomo, aliitwa na Booker T. Washington, kiongozi wa chuo cha Tuskegee, ili achore ramani za majengo ya chuo. Wanafunzi wenyewe walichoma matofali na kusimamisha kuta. Mwaka wa 1929 mzee huyo alivuka bahari mpaka Kakata, inchini Liberia, kusaidia kupanga chuo kingine cha ufundi kilichopewa jina la Booker Washington. Alifariki mwaka wa 1942, akiwa ndani ya kanisa la Tuskegee alilolichora kwa mkono wake.

Kijana Robert alikua katikati ya watu waliosadiki kwamba nyumba nzuri inamfungulia mtu njia ya heshima. Hakuchagua kuchora ramani kama baba yake. Alifuata upande mwingine wa kazi ile ile: namna ya kupata feza za kujenga, namna ya kuchunga jengo, namna ya kuishi na wapangaji. Mwaka wa 1925 alimaliza masomo katika chuo kikuu cha Illinois, kisha akafanya makao Chicago.

Mji uliojaa bila nafasi

Chicago ya wakati ule ilikuwa ikipokea wageni kila siku. Weusi walikimbia mashamba ya kusini, ambako walinyimwa haki na wengine waliuawa na makundi ya wazungu. Walipanda gari la moshi kwenda kaskazini kutafuta kazi katika viwanda na machinjio. Mwaka wa 1910 weusi wa Chicago walikuwa karibu 44,000. Mwaka wa 1930 walipita 233,000.

Watu waliongezeka mara tano, lakini kartie zao hazikupanuka kwa kipimo hicho. Katika sehemu nyingi za mji, wenye nyumba wazungu walikuwa wameandika katika hati za viwanja kwamba ni marufuku kumuuzia mweusi wala kumpangisha. Banki nazo zilikataa kukopesha feza katika kartie za weusi. Aliyejaribu kuvuka mipaka hiyo aliweza kutupiwa bomu nyumbani. Katika machafuko ya mwaka wa 1919 watu 38 walikufa, 23 kati yao weusi.

Kwa hiyo watu walisongamana katika kipande chembamba cha upande wa kusini wa mji. Wenye majengo walichukua nyumba moja ya familia wakaikata vyumba vingi vidogo, kila chumba familia moja, na familia kadhaa zikitumia choo kimoja. Mpangaji mweusi alilipa bei kubwa kwa chumba kibovu, kwa sababu hakuwa na pahali pengine pa kwenda. Moto ulizuka mara kwa mara, na kifua kikuu kiliua wengi.

Funguo za jengo la Rosenwald

Mtu mmoja aliyeamua kujaribu njia nyingine alikuwa Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya biashara ya Sears. Rosenwald alikuwa rafiki wa chuo cha Tuskegee na mmoja wa wasimamizi wake. Feza zake zilisaidia kujenga masomo zaidi ya 5,000 ya watoto weusi kusini mwa Marekani, na Taylor baba alikuwa kati ya watu waliochora ramani za kwanza za masomo hayo.

Mwaka wa 1929 Rosenwald alisimamisha Chicago jengo kubwa lenye nyumba 421, kwenye pembe ya avenue Michigan na barabara ya 47. Lilizunguka bustani kubwa katikati, na chini kulikuwa maduka. Hakulijenga kama sadaka. Alitaka kuonyesha wafanya biashara wenzake kwamba mtu anaweza kuwajengea weusi nyumba nzuri na bado apate faida kidogo ya halali.

Kazi ya kulichunga jengo hilo alipewa Robert Taylor, aliyekuwa na umri wa miaka 30. Alishika kazi hiyo miaka mingi, na ndiyo iliyomfundisha. Ndani ya jengo walikaa watumishi wa posta, wahudumu wa gari la moshi, walimu na wafanyakazi wa nyumbani. Walikuwa na mapato tofauti, lakini wote walikuwa na kazi. Mabomba yakiharibika, yalitengenezwa. Watoto walicheza katika bustani mbele ya macho ya wazazi wao. Taylor aliona kwamba jengo linaishi muda mrefu likichungwa vizuri, na likiwa na wapangaji wanaoweza kulipa malipo yanayotosha kulichunga.

Aliona pia mpaka wa njia hiyo. Maskini hawakuweza kulipa bei ya jengo la Rosenwald, na hakuna tajiri mwingine wengi wake waliofuata mfano ule. Taylor alisaidia pia kuongoza shirika la akiba na mikopo la weusi, Illinois Federal, lililokopesha feza watu waliofukuzwa na banki zingine. Lakini mkopo kwa familia moja moja haungeweza kuvunja ukuta uliozunguka kartie nzima. Serkali ilipashwa kuingia.

Mwenyekiti wa kwanza mweusi

Mwaka wa 1937 lilizaliwa shirika la nyumba la Chicago, CHA kwa kifupi. Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba za raia kwa feza za serkali kuu. Taylor aliingia katika kamati ya wasimamizi mwishoni mwa miaka hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akawa mwenyekiti. Hakuna mweusi aliyekuwa ameshika kiti hicho mbele yake.

Alifanya kazi pamoja na mama mmoja mzungu, Elizabeth Wood, mkurugenzi wa CHA tangu 1937. Wote wawili walikuwa na wazo moja: nyumba ya serkali haipashwi kuwa pipa la kutupia maskini. Inapashwa kuwa nyumba nzuri, inayochungwa, iliyo karibu na kazi na masomo, na inayopokea watu wa kila rangi.

Mradi wa kwanza wa weusi, Ida B. Wells Homes, ulifunguliwa mwaka wa 1941 ukiwa na nyumba 1,662. Familia zilizoomba zilizidi mara nyingi hesabu ya nyumba. Zilizobahatika zilipata maji ya moto, choo cha ndani na dirisha linaloleta hewa. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Vita ya pili ya dunia ilipoisha, magumu yaliongezeka. Waaskari walirudi toka vitani wakakosa pahali pa kulala, na CHA ikajenga nyumba za muda kwa ajili yao. Shirika likiongozwa na Taylor na Wood liliamua kwamba mwaskari aliyepigania inchi yake atapewa nyumba kufuatana na shida yake, hata kama kartie ni ya wazungu.

Jibu lilikuja kwa mawe. Mwezi wa kumi na mbili 1946, familia za waaskari weusi zilipopelekwa katika nyumba za Airport Homes, kundi kubwa la wakaaji wazungu liliwashambulia pamoja na watu waliowasindikiza. Familia hizo ziliondoka. Mwezi wa nane 1947, katika nyumba za Fernwood, maelfu ya watu walifanya fujo kwa usiku kadhaa. Walisimamisha magari barabarani, wakatoa weusi ndani na kuwapiga. Polisi zaidi ya 1,000 walitumwa kulinda familia chache tu.

Pambano la viwanja

Mwaka wa 1949 rais Harry Truman alitia sahihi sheria mpya iliyoahidi nyumba za serkali 810,000 katika inchi nzima kwa muda wa miaka sita. CHA iliomba kujenga 40,000 Chicago. Feza zilikuwepo. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: zijengwe wapi?

Hesabu ya Taylor na Wood ilikuwa rahisi kuelewa. Kama unabomoa kartie mbovu yenye watu waliosongamana, unapashwa kwanza kuwa na pahali pa kuwaweka. Bila hiyo, unawafukuza wakaenda kusongamana katika kartie nyingine, na kartie ile nayo inaharibika. Kwa hiyo ilifaa kuanza kujenga kwenye viwanja vitupu. Lakini karibu viwanja vyote vitupu vya Chicago vilikuwa pembeni ya mji, katika kartie za wazungu. Kujenga huko kulikuwa pia kuchanganya watu wa rangi mbili.

Sheria ya jimbo la Illinois ilikuwa imelipa baraza la washauri wa mji uwezo wa kukubali ao kukataa kila kiwanja. CHA ilipopeleka viwanja saba vya kwanza mwisho wa 1949, mikutano ya baraza ilijaa makelele. Kila mshauri aliogopa wapiga kura wake, na wengi waliapa kwamba hakuna nyumba ya serkali itakayojengwa kwao. Meya Martin Kennelly hakuitetea orodha ya CHA. Viwanja vingi vilikataliwa, na zaidi ya vyote vile vilivyokuwa wazi katika kartie za wazungu. Katika mapatano yaliyofikiwa mwaka wa 1950, nyumba nyingi zilipangiwa kujengwa ndani ya kartie za weusi, pale pale ambapo watu walikuwa wamekwisha kujaa.

Taylor aliyasoma mapatano yale kama mtu wa hesabu. Familia nyingi zingefukuzwa ili kupisha ujenzi, nyumba chache zingepatikana kwa wasio nazo, na mpaka kati ya weusi na wazungu ungepigwa muhuri wa serkali. Mwaka ule wa 1950 aliacha uenyekiti. Elizabeth Wood alibaki miaka mingine minne akijaribu kufungua nyumba zote kwa watu wa kila rangi, mpaka akafukuzwa kazini mwaka wa 1954.

Taylor alirudi kwenye shirika lake la mikopo, ambako aliendelea kusaidia weusi kununua nyumba. Alipofariki mwaka wa 1957, alikuwa na umri wa miaka 57.

Jina juu ya ukuta

Nyuma ya kifo chake, CHA ya viongozi wapya na meya mpya, Richard J. Daley, iliendelea kujenga katika kartie za weusi. Washington iliweka kipimo cha bei kwa kila nyumba, na kwa kuwa uwanja ulikuwa mdogo na wenye bei kali, ilibaki kupanda juu. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1960 na 1962, majengo 28 yalisimama kati ya barabara ya 39 na ya 54. Yalikuwa na nyumba zaidi ya 4,300. Upande mmoja ilipita njia kuu mpya ya magari, Dan Ryan, iliyokata kartie hiyo na zile za wazungu za magharibi.

Viongozi waliupa mradi huo jina la Robert Taylor. Walisema wanamheshimu mwenyekiti wa kwanza mweusi. Karibu wapangaji wote walikuwa weusi.

Familia za kwanza ziliingia na furaha ya kweli. Zilitoka katika vyumba vya panya na moto, zikapata jiko, choo, joto wakati wa baridi, na dirisha la kutazama mji kutoka juu. Watoto wa pale hawakupotea wote. Deval Patrick, aliyekuja kuwa gavana wa jimbo la Massachusetts, alikulia huko.

Lakini mambo aliyoyaogopa Taylor yalitokea moja baada ya lingine. Watu karibu 27,000 walikaa pale, na wengi wao walikuwa watoto. Wazazi walikuwa wachache mno kuwaangalia. Mama aliye kwenye etaji ya 14 hakuweza kumwona mtoto anayecheza chini. Lifti ziliharibika, zikabaki bila kutengenezwa. Sheria ilizuia nyumba hizo kwa wenye mapato madogo, na malipo yalipanda pamoja na mshahara, kwa hiyo familia zilizopata kazi nzuri ziliondoka. Viwanda na machinjio vilifungwa, kazi zikapotea. Waliobaki hawakuweza kulipa kiasi cha kutosha kuchunga majengo, na serkali haikujaza pengo. Katika miaka ya 1980 na 1990 magenge yalitawala ngazi na milango, yakiuza madawa ya kulevya. Wazazi waliwalaza watoto chini, mbali na madirisha, kwa hofu ya risasi.

Tribinali nayo ilithibitisha kosa. Mwaka wa 1966 wapangaji weusi, wakiongozwa na mama Dorothy Gautreaux, waliishtaki CHA. Mama huyo alifariki mwaka wa 1968 mbele ya kusikia hukumu. Mwaka wa 1969 hakimu Richard Austin alisema wazi kwamba CHA ilichagua viwanja na wapangaji kwa ubaguzi wa rangi. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu Taylor aondoke kwa sababu hiyo hiyo.

Kubomoa ili kuchanganya

Mwaka wa 1995 serkali kuu ilichukua usimamizi wa CHA, kwa sababu shirika lilikuwa limeshindwa kazi. Wakati huo siasa ya inchi ilikuwa imegeuka. Tangu 1992, Washington ilikuwa ikitoa feza za kubomoa miradi iliyoharibika na kujenga pahali pake kartie za watu wenye mapato tofauti. Sheria ya zamani iliyolazimisha kujenga nyumba moja kwa kila nyumba inayobomolewa iliondolewa.

Mwaka wa 2000 Chicago ilianza mpango wake mkubwa. Nyumba 25,000 zilipashwa kujengwa upya ao kutengenezwa, na maghorofa makubwa ya familia yalipashwa kuanguka. Pahali pa Robert Taylor Homes palipangwa kartie mpya inayoitwa Legends South, yenye nyumba fupi na barabara za kawaida. Mpangaji wa nyumba ya serkali angekuwa jirani wa mtu wa mapato ya katikati, na wote wawili jirani wa yule aliyenunua nyumba yake kwa bei ya soko.

Kwenye karatasi, wazo lilifanana na lile la Taylor. Tofauti ilikuwa katika utaratibu. Taylor alitaka kujenga kwanza kwenye viwanja vitupu, kisha kuhamisha watu, kisha kubomoa. Mara hii majengo yalianguka kwanza, na nyumba mpya zikafuata polepole, miaka mingi baadaye.

Wapangaji waliokuwa na mkataba tarehe moja mwezi wa kumi 1999 waliahidiwa haki ya kurudi. Lakini katika kartie nyingi za mchanganyiko waliwekewa masharti: kufanya kazi saa 30 kwa juma, kupimwa kama hawatumii madawa ya kulevya, kuchunguzwa deni na makosa ya zamani. Aliyekuwa na mtoto aliyewahi kufungwa aliogopa hata kuomba. Wengi walipewa hati ya serkali ya kusaidia kulipa nyumba ya mtu binafsi. Kwa hati hiyo, wengi walifika katika kartie zingine za weusi maskini, upande wa kusini na wa magharibi wa mji.

Hesabu peke yake inaonyesha kwamba wote hawangeweza kurudi. Nyumba zaidi ya 4,300 zilikuwa zimesimama pale. Mpango wa Legends South ulihesabu karibu 2,400, na ni sehemu moja tu ya hizo iliyowekwa kwa ajili ya familia za nyumba za serkali. Mwaka wa 2008 ulipoingia mgogoro wa mikopo ya nyumba, wanunuzi walipotea na ujenzi ukachelewa zaidi. Viwanja vingi pembeni ya State Street vilibaki majani kwa miaka.

Kuna pia mema yaliyopatikana. Familia zilizofaulu kuingia katika nyumba mpya zilipata milango inayofungwa, barabara zenye taa na usiku wenye utulivu zaidi. Hata wengi waliohamia kartie zingine walisema wanalala bila kuogopa risasi. Lakini wengine walipoteza majirani wa miaka 30, wale waliolea watoto pamoja na kukopeshana chumvi na feza ya basi.

Jengo lililobaki

Ukoo wa Taylor haukuachana na historia hiyo. Binti yake, Barbara Taylor Bowman, alikuwa mwalimu mkubwa wa elimu ya watoto wadogo na mmoja wa waanzilishi wa chuo cha Erikson, Chicago. Mjukuu wake, Valerie Jarrett, alizaliwa miezi michache mbele ya kifo cha babu yake. Mbele ya kuwa mshauri wa rais Barack Obama, alifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya Habitat na mwishowe akaiongoza. Kufuatana na kesi ya Gautreaux, ndiyo kampuni iliyopewa na tribinali kazi ya kusimamia ujenzi wa nyumba mpya za familia za CHA. Hivyo mtu wa damu ya Taylor alikuwa karibu na kazi ya kusahihisha makosa ambayo babu yake aliyaona kwanza.

Jengo la Rosenwald, ambako Taylor alijifunza kazi yake, halikubomolewa. Lilichoka, likafungwa mwaka wa 2000, na watu wengi walifikiri nalo litaanguka. Lakini wakaaji na wapenda historia walilipigania. Lilitengenezwa upya, na mwaka wa 2016 wapangaji walirudi. Bustani ya katikati ingali pale.

Kutoka mlango wa jengo hilo mpaka State Street, pahali pa maghorofa yaliyobeba jina la Taylor, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.